Sinema Aliyotoka Nayo Kharkov

Kabla sijajua kusoma, nilikuwa naijua sinema moja ya Kirusi mwanzo hadi mwisho, ingawa sikuwa nimeiona. Baba yangu, Ecodu, ambaye sisi wanawe tulimwita Papa kama Wateso wengi, aliiona mara moja tu, mwaka 1984, katika ukumbi wa bweni la wanafunzi mjini Kharkov, enzi za Umoja wa Kisovieti. Serikali ilikuwa imempeleka huko kusomea ufundi wa injini za treni. Alikaa miaka mitano, akarudi Tororo na cheti, sanduku la vitabu, na sinema hiyo kichwani.

Alitusimulia nyumbani kwetu Rubongi siku za mvua, tukiwa barazani tunabangua karanga za mbegu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Stesheni ya Tororo alikofanya kazi walimwita Bwana Ndiyo-Hapana. Lakini akianza sinema yake, aliinuka akatuonyesha jinsi Marfa alivyotembea dhidi ya upepo, jinsi alivyoshika bendera, jinsi injini ilivyopumua ikikaribia. Kwa injini hakuwa na mshindani, maana hizo alizijua.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Vita vikubwa vimekwisha. Marfa ni mwanamke anayelinda kivuko cha reli, pale barabara ya mikokoteni inapokatiza njia ya treni, katikati ya mbuga isiyo na nyumba nyingine hata moja. Treni ikija anafunga kizuizi, anasimama kando ya reli na bendera ya njano iliyokunjwa kumwonyesha dereva kwamba njia iko wazi, kisha anafungua tena. Kila siku zinapita treni zilizojaa askari wanaorudi makwao, na Marfa anatazama madirishani kama mumewe yumo. Siku moja anashuka askari mwingine, Grigori, amebeba buti za yule mume. Ameleta habari ya kifo. Anataka kuondoka siku ileile, lakini paa linavuja, anakaa kulitengeneza. Paa likiisha kuna kisima, kisima kikiisha kuna ukuta. Anakaa mpaka theluji inaanza. Halafu anaondoka, kwa sababu naye ana mama anayemsubiri mahali.

"Hapo sasa," Papa alikuwa akisema, na sisi tuliacha karanga. "Marfa anafuata reli kwa miguu mpaka stesheni. Anamkuta Grigori ameketi kwenye benchi, shingo tupu, anatetemeka. Hasemi kitu. Anavua shali lake la sufu kichwani, anamzungushia shingoni, mara moja, mara mbili, anaingiza ncha ndani ya koti. Theluji inamwangukia kwenye nywele. Grigori anasema, 'Na wewe?' Marfa anasema, 'Chukua. Mimi niko kwetu.'"

Maneno hayo aliyasema kwanza kwa Kirusi, kisha kwa Kiteso, na jirani wakiwapo, kwa Kiswahili. Nilipokuwa na miaka saba nilimvisha mdogo wangu sweta langu la shule njiani, mvua ikinyesha, nikamwambia, "Chukua, mimi niko kwetu," nikafika nyumbani nimelowa na kuchapwa na mama. Mama yangu, Alaso, hakuipenda sinema ile. "Mwanamke gani huyo," alikuwa akinong'ona, "hapiki, halimi, yeye na bendera tu."

Nilikua nikawa mtazamaji wa familia. Nilipokuwa chuo cha ualimu, Jumamosi zangu ziliishia kwenye vibanda vya video vya Tororo, ambamo vijei walitafsiri sinema huku wakiongeza utani wao. Nilipenda zote: za Kihindi ambazo mtu anaimba akiwa amechomwa kisu, za Kichina za wazee wanaoruka juu ya mianzi, za Kinaijeria zenye mama mkwe mwenye macho makali. Niliwahi kulia siku mbili kwa sababu ya tamthilia ya Kikorea kuhusu mpishi aliyepoteza uwezo wa kuonja. Lakini kila sinema niliyoipenda niliipima na ile ya Papa, na kila moja ilipungukiwa na kitu. Hakuna hata moja iliyokuwa na shali.

Sasa nina miaka thelathini na tisa na ninafundisha shule ya msingi huko Buteba. Kila Ijumaa nikienda nyumbani napitia Busia, kwenye duka la Norah. Norah ni Mkenya; analala upande wa Kenya na kuvuka kila asubuhi kuja kufungua duka lake upande wa Uganda, la kujazia watu sinema kwenye flashi na simu. Ni mwembamba, anavaa miwani mikubwa, na anakumbuka kila mteja anapenda nini. Akimwona askari wa forodha anaingia, tayari anafungua faili za ngumi. Akiniona mimi anasema, "Mwalimu, nimekuwekea kitu ya kulia."

Mwaka juzi, siku ambayo duka lilikuwa tupu kwa sababu ya mvua, nilimsimulia sinema ya Papa. Nilisimulia kama yeye, kwa mikono na miguu. Nilipofika kwenye shali, Norah alivua miwani.

"Inaitwa aje?"

"Papa amesahau. Anakumbuka kuna namba ndani ya jina."

"Naitafuta," alisema. "Hiyo siwezi lala bila kuiona."

Alichukua miezi miwili. Aliandika maneno kwa simu, akayageuza kuwa ya Kirusi: mwanamke, reli, bendera, askari, buti. Aliletewa sinema za vifaru, za wanaanga, za wacheza baleti. Alizitazama nyingi bila kuelewa neno, na kila Ijumaa alikuwa na habari mpya. "Mwalimu, hawa watu walijua kupiga picha uso wa mtu. Wanakuachia uso mpaka unaona mawazo yakipita." Mara nyingine: "Kuna moja ya mvulana na farasi, hakuna mtu anaongea nusu saa, na mimi sikutoka hata kwenda kununua chai." Nilianza kuzitazama naye. Ndivyo nilivyojifunza kuketi na sinema isiyonikimbiza.

Halafu akanipigia simu shuleni wakati wa mapumziko. "Kilomita ya Mia Mbili na Kumi na Nne," alisema. "Hiyo ndiyo jina. Kuna buti, kuna bendera. Sijaangalia mwisho. Leta mzee."

Papa alivaa koti la suti kuja Busia. Ana miaka sitini na mitatu, mrefu, na siku hiyo alitembea kama anakwenda kuhojiwa. Norah alimpa kiti chenye mto, akafunga mlango nusu, akawasha kompyuta. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, na nje malori yalikuwa yanapiga honi kwenye foleni ya mpaka.

Picha ya kwanza ilikuwa glasi ya chai mezani, imejaa, haina mtu karibu. Ilikaa hapo muda mrefu. Kisha chai ikaanza kutetemeka kidogo tu, mistari ya duara ikitokea katikati, na kijiko kikaanza kulia dhidi ya glasi. Mkono wa mwanamke ukakishika kijiko kikanyamaza. Akainuka, akavaa koti, akachukua bendera. Treni ilikuwa inakuja.

Papa hakuwa amewahi kutusimulia glasi hiyo. Alishika goti langu. "Nilikuwa nimeisahau," alisema. "Akiror, nilisahauje hii?"

Marfa hakuwa mrembo kama nilivyomchora kichwani. Alikuwa na uso mpana, pua iliyoungua na baridi, mikono ya mtu anayepasua kuni. Baada ya dakika kumi sikuweza kumfikiria mwingine. Papa alitutafsiria kwa sauti ya chini, mara kwa Kiteso akamsahau Norah, mara kwa Kiswahili. Kila treni ilipokaribia, glasi ilitetemeka, na kila mara ilitetemeka kwa namna nyingine. Grigori alipofika zikawa glasi mbili, na vijiko viwili vililia kwa sauti mbili tofauti. Mtu aliyefikiria kitu kama hicho, nilijiambia, amewahi kuishi karibu na reli.

Mwisho ukafika. Grigori alifunga mzigo wake akatoka. Marfa alibaki ameketi mbele ya glasi mbili. Zikaanza kutetemeka. Akainuka, akachukua bendera, akatoka bila kitu kichwani. Treni ikapita. Hatukumwona Grigori, hatukuona dirisha lolote. Kamera ilibaki kwenye uso wa Marfa, na vivuli vya mabehewa vikapita juu yake, mwanga na giza, mwanga na giza, huku mkono wake na bendera ukiwa umenyooka kama kazi inavyotaka. Behewa la mwisho likapita. Akaenda kufungua kizuizi. Mzee mmoja mwenye mkokoteni wa nyasi alikuwa anasubiri. Akavuka, akamwinulia kofia. Maandishi yakaanza.

Norah alikuwa analia waziwazi. Mimi nilikuwa nasubiri shali.

"Wamekata," alisema Papa.

"Mzee?"

"Wamekata stesheni. Kuna stesheni. Anamvisha shali. Wamekata."

Aliinuka, akaketi tena. Norah alirudisha nyuma, tukatazama tena mwisho, akasogeza mbele mpaka kioo kikawa cheusi. Hakukuwa na kitu. "Labda hii ni kopi fupi," alisema Norah kwa upole. "Nitatafuta ingine, mzee wangu. Usijali."

Papa alifunga vifungo vyote vya koti lake la suti, akatangulia kutoka.

Ubaya ni kwamba alikuwa amekwisha kuwaambia watu. Rubongi nzima, au tuseme ile Rubongi inayosali kanisani kwetu, ilikuwa imesikia kwamba sinema ya Ecodu imepatikana. Walioisikia barazani wakiwa watoto sasa walikuwa na watoto wao. Katekista alikuwa ameshatoa ukumbi wa parokia kwa Jumapili ya tatu ya mwezi, baada ya misa. Jirani yetu Edeku, mwanajeshi mstaafu wa kambi ya hapo Rubongi, alikuwa ameahidi kuleta jenereta.

Wiki mbili baadaye Norah alipata kopi ya pili, iliyotoka mahali pengine kabisa, safi kuliko ya kwanza. Alinipigia. "Dakika themanini na saba, Mwalimu. Ile ya kwanza themanini na saba. Nimeziweka pamoja nikaangalia picha kwa picha. Hakuna kitu imekatwa."

Nilimwambia Papa tukiwa shambani tunapalilia mihogo. Aliendelea kupalilia. Baada ya mstari mzima alisema, "Basi nilidanganya watoto wangu miaka yote hii."

"Hukudanganya. Ulichanganya na sinema nyingine."

"Sinema gani? Itaje."

Kwa siku kadhaa alikula kidogo. Mama aliniuliza kama ni malaria. Nilipomweleza, alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. "Mtu anaweza kuumwa kwa sababu ya shali ambalo halipo?" aliuliza, lakini jioni hiyo alimpikia atapa, ule ugali laini wa mtama anaoupenda.

Nilimshauri Papa tuahirishe. Alikataa. "Nimewaita watu," alisema. "Watakuja." Nilijaribu kwa njia nyingine. Nilimwambia hakuna mtu Rubongi anayejua Kirusi isipokuwa yeye. Akitafsiri, anaweza kumpa Marfa maneno yoyote. Vijei hufanya hivyo kila siku, na watu huwapenda kwa hilo. Pale mwisho, uso ukiwa kwenye kioo, angesema tu, "Chukua, mimi niko kwetu," na kila mtu angekwenda nyumbani ameridhika. Papa aliuliza tu kama jenereta ya Edeku ina mafuta, na mimi nilidhani amekubali.

Jumapili tulitundika shuka mbili nyeupe ukutani na kuziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi. Norah alivuka mapema akiwa na projekta aliyoikodi Busia, ameifunga kwenye kanga kama mtoto. Watu walijaa mpaka mlangoni: Wateso, Wajopadhola, wake wa wanajeshi, wazee wa reli waliostaafu pamoja na Papa. Kwa sababu ya mchanganyiko huo, alitafsiri kwa Kiswahili, ameketi kando ya shuka na maikrofoni ya kwaya.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Watu walizoea vijei wanaopiga kelele, na hapa kulikuwa na glasi ya chai. Mtu alisema kwa sauti, "Kwani hii chai hainywewi?" wakacheka. Vijana wachache nyuma walitoka. Papa hakuwabembeleza. Alisema tu, kwa sauti ile ya barazani, "Treni inakuja. Iko mbali bado. Sikilizeni kijiko." Na ukumbi ukasikiliza kijiko. Mara ya tatu glasi ilipotetemeka, watoto walioketi chini walianza kunong'ona, "Treni! Treni!" kabla haijaonekana.

Grigori alipoleta buti, Papa alimtafsiri polepole. "Mume wako alisema nilete hizi. Alikufa mwezi wa tatu. Hakuumia sana."

Marfa alitazama buti muda mrefu. Kisha akasema, naye Papa akasema pamoja naye, "Vua viatu vyako. Unachafua sakafu."

Watu wengine walicheka. Edeku, aliyekuwa ameketi mbele na fimbo yake kati ya magoti, hakucheka. "Nyamazeni," alisema bila kugeuka. "Mimi nilipeleka habari kama hizo nyumba nne. Ni hivyo hivyo wanasema. Mmoja aliniuliza kama nitakula viazi." Kuanzia hapo ukumbi haukurudi tena kwenye utani.

Nilikuwa nimesimama karibu na projekta, na kwa kweli nilitazama watu kuliko kioo. Sijawahi kuona watu wakitazama hivyo. Wazee wa reli walitikisa vichwa Marfa alipokunja bendera vizuri. Mama yangu, ambaye aliapa atakuja kwa heshima tu, alikuwa ameinama mbele, kidevu mikononi. Grigori alipopanda paa mara ya pili, mama alisema kwa sauti, "Huyu hataondoka," na mwanamke aliyeketi karibu naye akasema, "Ataondoka, mama, angalia mabega yake."

Mwisho ukafika. Glasi mbili. Mlango. Uso wa Marfa na vivuli vikipita. Nilimgeukia Papa. Alikuwa ameinua maikrofoni hadi mdomoni, na mimi nilijua maneno yanayokuja. Hata midomo yangu ilikuwa tayari.

"Hapa hasemi kitu," alisema Papa.

Mabehewa yakapita, mwanga na giza.

"Bado hasemi kitu."

Mzee wa nyasi akavuka, akainua kofia. Shuka ikawa nyeupe. Mtu aliondoa blanketi moja dirishani na mwanga wa saa kumi ukaingia, tukawa tunapepesa macho. Ndipo Edeku akasema, si kwa kumshambulia, kwa mshangao tu, "Bwana Ecodu, na shali iko wapi?"

Wengine waliitikia. Shali. Wapi stesheni? Mwanamke mmoja alisema alikuja kwa ajili ya shali.

Papa alisimama. Alizima maikrofoni, kisha akaiwasha tena, kwa kuwa ukumbi ulikuwa mkubwa. "Shali haimo," alisema. "Nimetafuta. Hii dada kutoka Busia ametafuta. Haijawahi kuwamo. Mimi ndiye niliiweka, na sikujua kama niliiweka. Nimefikiria mwezi mzima ilitoka wapi, na sasa najua."

Alisimulia akiwa amesimama wima, bila mikono wala miguu safari hii.

Januari mwaka 1984 alipata barua kutoka kwa kaka yake. Mama yao, bibi yangu Aanyu, alikuwa amefariki, na barua ilikuwa imesafiri wiki saba. Alikwisha kuzikwa. Papa alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Hakumwambia mtu bwenini. Alitoka kama alivyokuwa, na shati na koti la darasani, akatembea mpaka stesheni kuu ya Kharkov, akaketi kwenye benchi nje, pale treni zinapofika. Hakuwa na tiketi wala mahali pa kwenda. "Nilikuwa naangalia treni," alisema, "nikifikiria kama kuna moja inafika Tororo. Nilijua haipo. Lakini niliketi."

Mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa anafagia theluji alipita mbele yake mara mbili. Mara ya tatu aliegemeza ufagio, akavua shali lake, akamzungushia shingoni, mara moja, mara mbili, akaingiza ncha ndani ya koti. Papa alimwuliza, "Na wewe?"

"Akasema, 'Chukua. Mimi niko kwetu.' Akaenda akaendelea kufagia. Sikumwuliza jina. Nilirudi bwenini. Jumamosi ya wiki ile ndiyo walionyesha hii sinema, nami niliitazama na shali shingoni, nikilia kwa ajili ya mama yangu, watu wakifikiri nalia kwa ajili ya Marfa." Aligeukia upande wangu. "Nilipoanza kuwasimulia watoto, sikutaka wajue baba yao aliketi stesheni akilia kama mtoto. Nafikiri nilimpa Grigori anibebee. Alibeba vizuri. Mpaka mimi mwenyewe nikaamini ni yake."

Hakuna aliyepiga makofi. Katekista alifanya ishara ya msalaba. Mzee mmoja wa reli alisema polepole, "Mungu amkumbuke huyo mama wa ufagio," na wengi wakasema amina. Kisha mama yangu akasimama, akatengeneza gauni lake la gomesi, akasema mbele ya watu wote, "Ina maana miaka thelathini na nane nimemwonea wivu Marfa bure?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na Papa mwenyewe akacheka, akaketi, akafunika uso kwa mkono, na mabega yake yaliendelea kutikisika baada ya kicheko kwisha. Mama alikwenda akaketi karibu naye. Sikusikia walichosema.

Watu hawakutaka kutoka. Tulikunywa chai ya parokia na kubishana. Edeku alishikilia kwamba sinema ya Ecodu ni bora kuliko ya Warusi, na kama waliotengeneza wangekuwa hai angewaandikia barua. Norah alibisha kwa ukali. "Afande, yule mama amesimama tu na bendera, na mimi hapa sijabaki na machozi. Ukimpa shali, unampunguzia mzigo. Wacha abebe." Walitazamana kwa heshima ya watu wawili waliopenda kitu kimoja. Mimi niliulizwa upande wangu nikasema sina, na ni kweli. Nilikuwa nimeingia ukumbini na sinema moja nikatoka na mbili, moja ya Marfa na moja ya kijana wa Tororo, na sikutaka kupoteza hata moja.

Usiku ule Papa alisikiliza habari za redio, na walipotaja Kharkov na mabomu, alipunguza sauti, hakuzima. Aliniambia yule mwanamke wa ufagio, kama yuko hai, ana zaidi ya miaka tisini. Kisha akaniuliza kama Norah anaweza kupata sinema nyingine za miaka ile. Alikuwa anakumbuka moja ya daktari wa meli, na nyingine ya kuchekesha. "Safari hii," alisema, "nitaziona kwanza kabla sijasimulia."

Sasa kila Jumamosi mchana anakwenda Busia. Norah ameongeza mabenchi mawili na kuandika mlangoni kwa rangi ya bluu: SINEMA ZA KIRUSI, MTAFSIRI MZEE ECODU. Wanakuja madereva wa malori waliokwama foleni, wanawake wa soko wanaosubiri jua lipungue, na kijana mmoja wa Kenya anayesomea ualimu ambaye huandika maneno ya Kirusi kwenye daftari. Sinema ya mvulana na farasi imeonyeshwa mara nne kwa maombi ya madereva. Nami ninakuja kila ninapoweza, naketi nyuma, na kila mara nashangaa kwamba watu wa mbali namna ile, katika nchi ambayo haipo tena kwenye ramani, walijua hasa jinsi mtu wa hapa anavyonyamaza akiumia.

Jumamosi iliyopita walionyesha ile ya kuchekesha. Wanaume wawili wanapandisha kabati ghorofa ya tano, na ndani ya kabati amelala mwenye nyumba bila wao kujua. Walipofika ghorofa ya tatu mmoja wao alisema kitu, Papa akafungua mdomo kukitafsiri akashindwa. Alianza kucheka. Alijaribu tena, akainua kidole kuomba tusubiri, machozi yakamtoka.

"Mzee, amesema nini?" Norah alipiga kelele. "Mzee!"

Papa alitikisa kichwa tu, hana pumzi. Dereva mmoja aliyekuwa karibu nami alianza kucheka kwa sababu Papa anacheka, kisha wanawake wa soko, kisha mimi, na kabati likaendelea kupanda ngazi huku hakuna hata mmoja wetu anayejua tunacheka nini.